Kitenge cha Mama na Kofia ya Pili

Albertville, Jumapili, mwezi wa tatu, 1963

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka watu walipotoka misa ya kwanza, kisha jua likatoka bila kubisha hodi. Sasa ni saa kumi za jioni. Ziwa limetulia. Nimekaa kibarazani kwetu, hapa kampi ya reli, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu kwa sababu nimesimama tangu asubuhi.

Daftari, leo nina jambo la kuungama. Kwa padri sijaenda bado, nimeanza na wewe. Wewe hutoi kitubio.

Nilimdanganya mdogo wangu wa tumbo moja. Tena mara mbili.

Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, mwanzo wa kiangazi. Kifua ndicho kilichomchukua. Miezi mitatu ya mwisho alilala hapa kwangu, na chini ya kichwa alipenda kukunja kitenge chake cha njano chenye ndege wa buluu, kile alichonunua kwa mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kigoma. Alipokuwa mzima alikivaa Krismasi na Pasaka tu. Siku chache kabla ya kwenda alikishika pindo akaniambia, "Hiki mutagawana na mudogo wako. Musigombane." Mdogo wangu Adela hakuwepo, alikuwa kwa mume wake, upande wa bandari. Nilisikia peke yangu.

Matanga yalipokwisha, Adela aliniuliza kitenge kiko wapi. Nikamwambia panya wamekila. Nikamwambia kimebaki kipande cha pindoni tu, upana wa viganja viwili, na kwamba nitakitunza ili siku akipata mtoto nimshonee kofia.

Panya! Nyumba hii ina paka wawili.

Kipande nilikata kweli, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakiweka sandukuni. Kitenge kilichobaki nikakishona foronya, nikakilalia. Miaka miwili sijakifua. Kilikuwa na harufu yake, kafuri tuliyompaka kifuani, na moshi, na mafuta ya nywele. Papa Feliksi, mume wangu, ni karani wa stesheni. Kila asubuhi anafunga tai kwenda kungoja treni za bara ambazo siku hizi hazifiki. Mtu anayeweza kungoja hivyo anaweza pia kulala kando ya foronya isiyofuliwa bila kusema neno. Sijui kama ni upendo au ni mazoea ya kazi.

Nikieleza kwa nini nilidanganya, lazima nianze mbali.

Mama alikuwa mshonaji. Hakuwa fundi wa dukani, alishonea watu wake tu. Alijifunza sindano kwa masista wa Baudouinville alipokuwa msichana, lakini mengine aliyajua mwenyewe. Shati la Papa, baba yetu, likichakaa kola, mifuko yake iligeuka viatu vya mtoto mchanga. Shuka likipasuka katikati, kingo zake zilikuwa nepi. Hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyezaliwa bila kupokea kitu kutoka mkononi mwake, na kitu cha kwanza kilikuwa kofia, nayo ilikatwa katika nguo iliyokwisha kuvaliwa na bibi wa mtoto. Alisema mtoto aanze kwa kumjua mtu aliyemtangulia.

Alikuwa na sheria zake. Nguo ya mtoto haishonwi kabla ya uchungu kuanza. Ukisikia uchungu umeanza, unatunga uzi, na unajitahidi kumaliza kabla mtoto hajalia. Mwanzo wa uzi hakuna fundo. Unarudia mshono mara tatu mahali pamoja, basi, kwa sababu fundo linaumiza utosi. Mishono inakaa nje, upande laini ndani. Nyuma ya kichwa, marinda sita.

Na alipima kwa papai. Kichwa cha mtoto mchanga, alisema, ni papai dogo ambalo halijaiva. Nakumbuka papai juu ya meza, limevalishwa kofia, utepe umefungwa chini ya kidevu kisichokuwepo, na Papa anarudi kutoka kazini anavua yake na kulisalimia, "Jambo, bwana mudogo." Sisi watoto tulicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia. Halafu jioni tulingoja papai liive ili tumle yule bwana mdogo.

Ee Mama. Nyumba ile ilikuwa na furaha kuliko tulivyojua.

Lakini Mama hakujua kugawa sawa. Nasema hivi nikimpenda. Krismasi moja, mimi nina miaka kumi na Adela minne, alitushonea zawadi. Adela alipata mdoli wa kitambaa, macho ya mbegu nyeusi, gauni yenye lisani na mfuko mdogo ambao ungeweza kuingiza punje ya mahindi. Mimi nilipata kimto cha kuchomekea sindano. Alinieleza kwamba nimekua na kwamba nitakuwa mshonaji kama yeye, na alisema kama anayenipa ufalme. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Mdoli ulioza katika mvua za mwaka uliofuata, Adela aliusahau nje. Kimto ninacho mpaka leo, kiko hapa mapajani, kimejaa sindano. Na bado, siku Adela alipouliza kitenge, aliyemjibu ni yule msichana wa nyuma ya jiko.

Aibu kuandika. Nina miaka thelathini na miwili.

Adela hakubahatika mapema. Mtoto wake wa kwanza aliishi wiki tatu tu, alizaliwa wakati Mama bado mzima, na kofia yake alikwenda nayo. Ndiyo sababu mimba hii tuliibeba sote. Alipofika mwezi wa sita alishikwa na homa kali, nikamleta hapa kwangu alale kitandani petu juma zima, na Papa Feliksi akalala kwenye mkeka sebuleni bila kulalamika.

Jumatatu iliyopita uchungu ukaanza. Nilichukua kile kipande cha pindoni, mkasi, uzi, kimto changu, na papai, nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya materniti. Muuguzi aliniuliza papai lile ni la mgonjwa gani. Karibu yangu alikaa mama mkwe wa Adela, Mama Ngoie, mwanamke wa Kabalo mwenye sauti ya kuita kivuko. Nilishona haraka. Ndege mmoja mzima alitosha kukaa nyuma ya kichwa, katikati ya marinda. Nilikata uzi wa mwisho, na saa ile ile tukasikia mlio.

Walimtoa mtoto amefungwa shuka. Wa kiume. Sikungoja. Nilimvalisha kofia palepale mikononi mwa bibi yake, ikamkaa kama imezaliwa naye, nikaanza kulia na kucheka. Ndipo ndani yule muuguzi akapaza sauti, "Mungoje kwanza! Iko mwingine."

Mama Ngoie aliivua kofia ile kwa kasi sijaona. "Toa! Toa mbele mwengine hajaona!"

Nilielewa mara moja, mtu yeyote wa hapa angeelewa. Mapacha hawapewi kitu kimoja. Ukileta yai, lete mawili. Ukisalimia, salimia mara mbili. Ukimtukuza mmoja, mwenzake anakasirika, na akikasirika anarudi alikotoka. Hata kama husadiki yote, nani atajaribu kwa mtoto wa mtu aliyekwisha kuzika mmoja?

Kyungu na Kabange. Kwa watu wa baba yao majina ya mapacha hayachaguliwi, yanakuja nao. Kabange ni wa kike, mdogo kidogo, na alichelewa kulia.

Tulipoingia, Mama Ngoie alitoa hukumu. Siku watoto watakapotolewa nje, vitovu vikishakauka, kofia ziwe mbili, kitambaa kimoja, ndege mmoja mmoja, marinda sawa. Kama sivyo, hii ya kwanza ichomwe, isionekane tena. Adela alikuwa amelala, uso umevimba. Alinitazama mimi, siyo yeye.

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ile panya, hazikuachaka hata kipande kidogo?"

Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Hata kidogo," nikasema.

Hiyo ndiyo mara ya pili.

Jumanne na Jumatano nilizunguka mji mzima kutafuta kitenge kama kile. Sokoni, madukani, mpaka kwa wanawake wanaouza nguo walizovaa wenyewe. Tangu vurugu zianze vitambaa ni haba, na vilivyopo ni vya maua. Alhamisi nilifumua kofia ya kwanza nione kama inaweza kuzaa mbili. Nilipoikunjua juu ya meza ikawa kipande kilekile cha viganja viwili, na ndege akiwa mmoja. Ndege hagawanyiki. Nikaishona upya kwa matundu yale yale ya sindano, nimekasirika na kila kitu, na mwanangu Feliksi aliyekuja kuomba mkate akaambulia ukali usiokuwa wake.

Ijumaa mchana nilikwenda chumbani nikautazama mto wangu.

Nataka niandike ukweli wote. Sikuogopa sana kuonekana mwongo. Niliogopa kufua. Nguo ya mtoto mchanga haiendi mwilini bila maji, sabuni na pasi, sote tunamjua yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, na funza wake. Nikikata foronya, lazima niifue. Nikiifua, Mama anaondoka na maji machafu. Nilikaa pale na foronya usoni nikivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Nilimfikiria Kabange aliyechelewa kulia.

Nikaifumua.

Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Ya pili hali kadhalika. Nilitumia kipande kizima cha sabuni, ile ya mche ya buluu, na nililia, sitaficha. Papa Feliksi alirudi kutoka stesheni, akaona kilichomo kwenye beseni, akavua koti. Alikwenda kuwasha makaa ya pasi mapema mno, saa nzima kabla kitambaa hakijakauka, kisha akakaa kando ya pasi akiipepea, tai yake imening'inia begani.

Kitambaa kilipokauka, ndege wote walikuwa wamechakaa, isipokuwa mmoja katikati, kwenye mkunjo ambao shavu langu halikuufikia. Niliweka mkasi hapohapo. Nikatunga uzi bila fundo, mishono mitatu mahali pamoja. Marinda sita. Nililivalisha papai. Jana niliziweka kofia zote mbili mezani, moja juu ya papai, moja juu ya ngumi ya Papa Feliksi, akazisalimia, "Jambo, bwana mudogo. Jambo, bibi mudogo." Sikumfundisha mimi. Nadhani aliwahi kusikia kwa baba yangu.

Leo tumekwenda. Nyumba ya Adela ilijaa watu na vitu viwiliviwili. Kuku wawili, sahani mbili za unga, mikungu miwili ya ndizi. Wanawake wa upande wa baba waliimba zile nyimbo za mapacha ambazo siwezi kuziandika hapa, watoto wangu wanajua kusoma. Papa Feliksi alipeana mkono na kila mtu mara mbili, hata na wasio na mapacha. Mimi nilipiga magoti, nikatoa kofia kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Mama Ngoie alizichukua, akazigeuza nje ndani, akahesabu marinda kwa kucha, akapima utepe kwa utepe. Nilitoka jasho kuliko siku ya mtihani.

"Ni sawa," akasema. Vigelegele.

Adela hakupiga kigelegele. Aliishika kofia ya pili, akaisogeza puani, akanitazama. Kisha akawavalisha watoto, wote kwa pamoja, mmoja akisaidiwa na mama mkwe, na nyimbo zikaendelea.

Watu walipotoka kwenda kula, tulibaki wawili chumbani. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu njiani. Hakunipa nafasi.

"Yaya, panya ya kwako inajua kukunja nguo muzuri sana."

Nikavuta kikapu changu karibu.

"Wakati wa ile homa ulinilazaka kwa kitanda yako," akasema. "Siku ya kwanza ndjo nilijua. Ukienda soko, nilikuwa nahama kwa mto wa kwako. Juma muzima. Ulifikiri nilipona kwa dawa?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekificha pengine."

Alisema bila hasira, na ndivyo ilivyonichoma. Kwa sababu ni kweli. Ningekificha pengine.

Nikamwomba msamaha. Nilimwambia habari ya mdoli, ya kimto, ya nyuma ya jiko. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Hakumbuki mdoli kabisa. Miaka ishirini na miwili nimebeba mdoli ambao mwenyewe haukumbuki!

"Iko wapi ingine?" akauliza.

Ilikuwa kikapuni mwangu. Niliibeba asubuhi bila kujua kama nitakuwa na moyo wa kuitoa. Nilikikunjua kitandani kile kitambaa kilichokuwa foronya, na tundu katikati pale ndege alipotoka. Yeye alishika ncha mbili, mimi nikashika mkasi, nikakata kuanzia juu, nikapita kwenye tundu, mpaka chini. Nilikuwa naangalia kwa jicho la Mama Ngoie. Sawa kwa sawa.

Adela alichukua nusu yake, akaifunika usoni. Nikaona mabega yake yameshuka.

"Umekifua," akasema ndani ya kitambaa.

"Ilibidi. Sababu ya watoto. Nisamehe, Adela, najua nimemfuta."

Akavuta pumzi tena, ndefu.

"Hapana," akasema. "Hii ndjo Mama wa Jumamosi."

Na mimi nikanusa ya kwangu.

Jumamosi Mama alitupeleka ziwani na karai la nguo. Sabuni ile ile ya mche. Alipiga nguo juu ya mawe, sketi ameipandisha na kuifunga kiunoni, akituimbia na kutugombeza katika pumzi moja. Tulianika nguo juu ya majani, tukalala kando yake tukingoja zikauke, na zilipokauka alitufunika nazo tukiwa bado tumelala, za moto, zina jua ndani. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na Mama wa miezi mitatu tu, yule wa kafuri na kikohozi, na nilimng'ang'ania hata mwenye haki naye nikamnyima. Miaka miwili nimelalia ugonjwa wake, nikidhani ni yeye.

Tulilia kidogo, mimi na Adela, kisha tukacheka kwa sababu Kyungu alikojoa na Kabange hakukubali kuachwa nyuma.

Jua linashuka sasa na maji ya miguu yamepoa. Nusu yangu haitoshi mto. Nimeiunga na kitambaa cheupe cha shuka la zamani, mahali pa tundu nimetia kiraka, mishono nje. Papa Feliksi amekuja kutazama, akanusa hewa, akasema, "Leo iko sabuni." Neno lake la kwanza juu ya jambo hili kwa miaka miwili. Nimemwuliza kama ilimsumbua. Amesema treni zimemfundisha kungoja.

Kesho ni Jumatatu, na hapa kampi Jumatatu kila mtu anafua. Foronya ya Mama itaingia kwenye beseni pamoja na nguo za wengine.